Maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu uongozi wa shirika letu la elimu ya wanawake, Tanga

Ukurasa huu nimeuandika mimi katibu. Maswali yenyewe tumeulizwa: mengine ofisini Ngamiani, mengine ndani ya daladala, mengine msibani, mahali ambapo mtu hukuvuta pembeni na kukunong'oneza. Nimeyaacha kama yalivyoulizwa, hata yale ya kuchokoza.

Kwa ufupi, ninyi ni nani?

Ni shirika lisilo la kiserikali. Kazi yetu ni kuwasaidia wanawake na wasichana waliokatiza masomo warudi kusoma. Shule hatuna. Tuna ofisi ya chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, na madarasa ya kuazima Ngamiani, Pongwe na Tongoni.

Nani hasa anaongoza? Mwenyekiti, mkurugenzi, au yule dada anayeonekana kila mahali na begi jekundu?

Yule wa begi jekundu ni mimi, na siongozi. Naandika.

Juu kabisa ni mkutano mkuu wa wanachama, unaokaa mara moja kwa mwaka. Mkutano huo huchagua bodi ya watu saba. Bodi inaamua: bajeti, nani aajiriwe, mradi upi tuukubali na upi tuukatae. Chini yake kuna sekretarieti, yaani mratibu, mhasibu na mimi, tunaotekeleza kilichoamuliwa. Mratibu anahudhuria vikao vya bodi lakini hapigi kura. Miaka ya mwanzo alikuwa anapiga, na matokeo yake alikuwa anajipangia kazi, anaifanya, kisha anajipongeza. Hakuwa mtu mbaya. Mpangilio ndio uliokuwa mbovu.

Mwenyekiti wenu anauza dagaa soko la Deep Sea, na hakufika hata chuo. Ataongozaje shirika la elimu?

Hili tunaulizwa kuliko yote, na huulizwa zaidi na watu waliosoma.

Kabla ya kuwa mwenyekiti wetu, mama yule alikuwa kijumbe wa upatu kwa miaka mingi. Anayeijua kazi ya ukijumbe anajua alichojifunza. Kijumbe anashika pesa za wenzake ambao wengine wana njaa siku hiyohiyo. Orodha ya zamu kila mmoja anaijua kwa kichwa, kwa hiyo kijumbe hawezi kumrusha mtu ili ampe shoga yake. Pesa huhesabiwa mbele ya macho. Mwenye shida ya ghafla, mtoto kalazwa labda, huomba abadilishane zamu, na wanaokubali au kukataa ni wenye zamu, siyo kijumbe. Siku akikosea shilingi elfu tano, mtaa mzima unajua kabla ya alasiri.

Tumewahi kuwa na mjumbe mwenye shahada mbili, mtu wa heshima zake, ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini tunasoma matumizi kwa sauti mbele ya wanafunzi. Aliona ni kuwavunjia heshima viongozi. Mama wa dagaa yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Mbona mnasoma jumla peke yake? Someni na nauli." Tangu siku hiyo tunasoma na nauli.

Usomi tunauhitaji pia. Mhasibu wetu ana cheti chake, na bodini yumo mwalimu mstaafu wa hisabati anayezikagua hesabu kwa kalamu nyekundu kama tuko kidato cha pili. Lakini kiti cha mbele tumempa mtu aliyezoea kushika mali ya watu na kulala usingizi.

Hii si ni ngumbaru tu?

Jina hilo wanafunzi wetu hawalipendi, na wana sababu. Bibi zetu walioingia kwenye kisomo chenye manufaa, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, walichekwa kwa jina hilo wakiwa wameshika madaftari. Wengine waliacha kwa sababu ya kicheko, somo walikuwa wanaliweza.

Tunachofanya sisi ni hatua ya mbele yake. Mwanamke aliyemaliza darasa la saba na hakwenda sekondari, au aliyeishia kidato cha kwanza, anasoma nje ya mfumo rasmi na kufanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Akifaulu, baadaye anafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti ni kilekile cha kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina madarasa ya aina hii, na mtu tunayeona atafaa zaidi kule tunampeleka. Viongozi wengine wanaona kumpeleka mwanafunzi kwa mwingine ni kupoteza namba ya kuandika kwenye ripoti. Sisi tumelikataa hilo kikaoni na limeandikwa kwenye muhtasari.

Ada imefutwa. Pesa mnachangisha za nini?

Swali zuri, na kila kiongozi wetu anapaswa kulijibu bila kubabaika. Kweli, ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Kwa hiyo ukimwona mtu anachangisha "ada" kwa ajili ya binti wa kidato cha pili shule ya kata, muulize vizuri.

Yaliyobaki ndiyo yanayomrudisha binti nyumbani: sare, viatu, madaftari, nauli ya kutoka Pongwe kila siku, taulo za kike, na chakula cha mchana. Mwenye mtoto anahitaji mtu wa kumshikia. Wanaosoma nje ya mfumo wanalipia usajili wa mtihani wenyewe, na walimu wa jioni wanahitaji angalau nauli. Hizo ndizo pesa.

Binti yangu alipata ujauzito akatolewa shule. Mtampokea?

Tutampokea, ila kwanza tutajaribu arudi shuleni. Zamani mlango ulikuwa umefungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Wazazi wengi bado hawajui. Mmoja wa wajumbe wa bodi huongozana na mzazi hadi kwa mkuu wa shule akiwa na nakala ya waraka kwenye bahasha. Mara nyingi haitolewi kwenye bahasha, kuijua tu kwamba ipo kunatosha.

Kuna jambo moja viongozi wetu hawafanyi, na tunaliweka wazi mapema ili lisituletee ugomvi mlangoni. Hatukai kwenye mazungumzo ya "kumalizana kifamilia" kati ya wazazi na aliyempa mwanafunzi mimba. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Tumeombwa tuwe mashahidi wa makubaliano ya mbuzi na laki kadhaa, na waliotuomba ni watu tunaokutana nao kila siku, watu wa kusalimiana shikamoo. Tulikataa. Baadhi yao mpaka leo salamu yao ni ya baridi, na tumekubali kuishi na baridi hiyo.

Kwa nini ratiba ya Tongoni haieleweki? Wiki hii kuna darasa, wiki ijayo hakuna.

Inaeleweka sana, ila siyo kwa kalenda ya ukutani.

Tulipoanza Tongoni, bodi ilikaa mjini ikapanga: Jumatatu na Jumatano, saa nne asubuhi. Walimu wakakubali, tukabandika tangazo. Wiki ya kwanza darasa lilijaa. Wiki ya pili walikuja wanne. Wiki ya tatu likajaa tena. Mimi kwa mkono wangu niliandika kwenye taarifa ya robo mwaka kwamba "utoro ni changamoto kubwa kutokana na mwamko mdogo wa jamii". Sentensi hiyo bado ipo kwenye faili, na nikiiona naona haya.

Wanawake wale wanalima mwani. Mwani unashughulikiwa maji yakitoka mbali, wakati wa bamvu, na bamvu huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa huku kwetu maji ya bamvu hukauka asubuhi kuelekea mchana, saa zilezile tulizopanga darasa. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, na kazi ya shambani inakuwa ndogo. Walikuwa wanakuja maji mafu na kukosa bamvu, kwa mpangilio kamili kuliko ratiba yetu wenyewe. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukuuliza, na mgeni aliyekuja na karatasi yenye mhuri haulizwi, anaitikiwa tu.

Aliyetufungua macho ni mwanafunzi mmoja aliyemwambia mwalimu, kwa upole wa kwetu ambao ukiutafuna unakuta mwiba: "Mwalimu, kwani ninyi huko mjini mwezi hamuuoni?"

Sasa ratiba ya Tongoni inapangwa na wanafunzi. Siku za maji mafu tunasoma mfululizo, bamvu tunapumzika au tunasoma usiku. Na kanuni ya bodi ikabadilika: katika viti saba, vitatu ni vya wanawake waliopitia au wanaopitia madarasa yetu, na kimojawapo lazima kitoke nje ya mji. Mjumbe wa Tongoni akisema siku fulani haifai, kikao kinasogezwa.

Viongozi wanalipwa?

Bodi hailipwi. Wanarudishiwa nauli kwa kiasi kilichoandikwa ukutani, na siku ya kikao kuna chai na maandazi. Sekretarieti inalipwa mshahara, mdogo, na bodi ndiyo inayoupanga.

Tumekosa wajumbe wazuri kwa sababu ya hili. Mtu anauliza "posho ya kikao ni kiasi gani?" ukimwambia nauli na andazi, anakuambia atakujulisha.

Wanaume wanaweza kuwa viongozi?

Wanaweza kuwa wanachama na wajumbe. Sasa hivi tuna wawili bodini, mmoja ndiye huyo wa kalamu nyekundu. Uenyekiti, katiba yetu inataka mwanamke.

Mnachaguaje nani asaidiwe? Nasikia ni watoto wa ndugu zenu.

Umesikia kwa nani? Nauliza bila hasira, kwa sababu mara moja ilikuwa kweli. Mwaka fulani wasichana wawili kati ya waliopata nauli walikuwa na uhusiano na mjumbe mmoja. Wote wawili walistahili, ukiwaona utalia. Lakini mjumbe alikaa kwenye kikao kilichowapitisha, na alikaa kimya.

Tangu hapo kila kikao cha uteuzi kinaanza kwa swali moja: "Nani ana mtu wake humu?" Mwenye mtu anatoka nje, anakaa kwa fundi cherehani mpaka aitwe. Kwa mji kama Tanga, ambako ukichimba kidogo kila mtu ni shangazi wa mtu, kuna vikao tulibaki watatu ndani. Hapo tukaahirisha, maana akidi ni wanne.

Orodha ya majina ya walioomba haibandikwi, ila idadi yao, vigezo na alama vinasomwa. Aliyekosa anaelezwa uso kwa uso sababu. Kazi hiyo ya kumweleza aliyekosa ni ya mwenyekiti, hamtumi mtu.

Mbona hamuweki picha za wanafunzi? Wafadhili wanapenda picha.

Wanapenda, tunajua. Tuliwahi kuweka ya msichana mmoja akiwa na mwanawe mgongoni, kwa ruhusa yake. Miezi michache baadaye alikuja akaomba itolewe kwa sababu wanafunzi wenzake shuleni walikuwa wakisambaziana kwenye simu. Tuliitoa kwetu, kwenye simu za watu hatukuweza. Ruhusa ya mtu mwenye shida mbele ya mtu mwenye nauli mkononi ni ruhusa ya kutiliwa shaka. Siku hizi kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na majina, simu na habari za afya za wanafunzi ni taarifa za kulindwa. Daftari la wanafunzi liko kabatini, ufunguo anao mratibu, na hata mjumbe wa bodi akitaka kulisoma anaandika kwanza sababu.

Nataka kuanzisha shirika kama lenu wilayani kwetu. Nianzie wapi?

Anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako, kwa sababu ndiye mkono wa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali huko wilayani. Sheria yenyewe ni Namba 24 ya mwaka 2002, na ilifanyiwa marekebisho makubwa 2019. Utahitaji waanzilishi, muhtasari wa kikao chao, katiba, na majina ya viongozi. Unachagua ngazi ya kufanyia kazi: wilaya, mkoa, taifa. Usikimbilie taifa kwa ufahari. Cheti sasa kina muda wa miaka 10, siyo cha maisha.

Ukishapata cheti ndipo wengi wanapolala. Kila mwaka kuna taarifa ya kazi na ya fedha, na kuna ada. Mapato yakizidi shilingi milioni 20, hesabu zinatakiwa zikaguliwe. Mkataba wa ufadhili unaozidi kiasi hicho unapelekwa kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Viongozi wakibadilika, mjulishe. Tena kuandikishwa kuwa shirika lisilogawana faida hakukupi msamaha wa kodi. Mishahara inakatwa kodi kama kawaida, na hadhi ya taasisi ya hisani unaiomba kwa Mamlaka ya Mapato, inaweza kukubaliwa au isikubaliwe. Tumeona viongozi waaminifu kabisa wakikosa usingizi kwa sababu ya kutokulijua hili mapema.

La mwisho kwa anayeanza: akaunti ya benki na lipa namba ziwe kwa jina la shirika tangu shilingi ya kwanza. Siyo simu ya mwenyekiti "kwa muda tu".

Je, ni shirika la dini au la chama?

Hapana kwa yote mawili, na sheria haituruhusu kuwa la chama. Bodini wamo wanaofunga Ramadhani na wanaofunga Kwaresima. Kiongozi wetu akichukua fomu ya udiwani, anaandika barua ya kujiuzulu siku hiyohiyo. Limetokea mara moja. Alikosa udiwani, akarudi kuwa mwanachama wa kawaida, na ndiye anayetuletea viti vya kuazima.

Mwanzilishi yuko wapi? Mbona simuoni kwenye bodi?

Yupo, mzima, anatusalimia. Alitoka kwa sababu katiba inaruhusu vipindi viwili vya miaka mitatu, na katiba hiyo aliiandika mwenyewe. Siku vipindi vyake vilipokwisha, baadhi yetu, mimi nikiwemo, tulitaka tubadilishe kifungu ili abaki. Tuliogopa wafadhili watamfuata yeye. Alitutazama akasema tukibadilisha ataondoka hata uanachama.

Na ni kweli, mfadhili mmoja aliondoka. Tanga wanasema "waja leo, waondoka leo", na kwa miradi msemo huo unakaa vizuri mno. Tulifunga darasa la Pongwe mwaka ule, tukabaki na Ngamiani na Tongoni. Pongwe tulirudi mwaka uliofuata, kwa michango ya wanachama na ya wanafunzi wa zamani ambao sasa wana kazi.

Mnatoa mikopo?

Hapana. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vikundi vya wanawake, inapatikana halmashauri kwenyewe. Ukija tutakuelekeza ofisi.

Mume wangu hataki nisome. Viongozi wenu wanaweza kuja kuongea naye?

Wanaweza, ukitaka wewe, na wakati unaoutaka wewe. Hatuji kwa kushtukiza, na haji kijana wa sekretarieti na karatasi. Anakuja mjumbe wetu mmoja ambaye ni somo, yaani mama mfundaji, wa mabinti wengi hapa mjini. Anajua kuingia nyumba ya watu, kukaa, kunywa uji, kuuliza hali ya baba mkwe, na baada ya saa nzima kuitaja shule kama kitu kilichomponyoka. Wanaume wengine wanachoogopa ni usiku, kwa hiyo tunahamisha kipindi. Wengine wanaogopa gharama. Wapo wanaoogopa kwamba mke atajua kusoma ujumbe kwenye simu, na hao hata somo amewashindwa.

Kama nyumbani kuna kipigo, tuambie mapema. Hapo hatumtumi somo, tunakupeleka dawati la jinsia polisi, na mjumbe mmoja anakaa nawe mpaka umalize.

Naweza kuhudhuria kikao nikaone mnavyofanya?

Mkutano mkuu uko wazi kwa yeyote. Siku ya kusoma matumizi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, iko wazi pia, isipokuwa ikiangukia bamvu. Hapo tunaisogeza mbele. Piga hodi kwa fundi cherehani, atakuonyesha mlango. Ukiuliza swali la pesa, litajibiwa papo hapo na mhasibu akiwa na risiti mkononi. Risiti ikikosekana, swali linaandikwa, na linakuwa la kwanza mwezi unaofuata. Kwa sasa kuna moja linasubiri, la mafuta ya pikipiki.